Plagi ya Gari Lililombeba Mama Yako

Faraja mwanangu, kamwene.

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na shangazi yako yuko sokoni. Nimefunga gereji mapema. Kuna mteja amekuja na msumeno wake wa kukatia miti, nikamwambia arudi keshokutwa, akanitazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa siku ya gulio. Hajazoea. Hata mimi sijazoea. Nimekaa kwenye benchi la ndani, karatasi nimeiweka juu ya lile bati tunalopangia nati, na mikono nimeinawa kwa sabuni mara mbili ili nisikuchafulie maandishi. Bado kuna alama za vidole vyangu pembeni, utanisamehe.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala chandarua, wala namna ya kuishi vizuri na watu wa ugenini. Shangazi yako amekuambia hayo kila siku tangu ulipoitwa kazini kule Lupingu, tena kwa sauti ambayo majirani nao wameshayajua. Mimi nina jambo moja, na kwa mdomo nimeshindwa. Juzi tulipokuwa tunapanga spana zako kwenye sanduku nilianza kulisema. Ukageuka, ukasema, "Baba, unasemaje?" Nikakuuliza kama umechukua tochi.

Kesho basi litakupitisha Njombe, na kabla ya kushuka ziwani utalala Mawengi kwa bibi yako. Mjomba wako Alfonsi atakuwepo. Nawajua watu wale, ni watu wangu pia. Watakukalisha karibu na moto, watakutazama usoni, watasema umefanana na mama yako, kisha wataanza kusimulia siku aliyofariki. Ulipokuwa mdogo walikuambia tu kwamba gari liliharibika njiani kwa sababu ya kijana mmoja fundi wa Makambako. Safari hii umekuwa mtu mzima, tena unakwenda kufanya kazi ya injini. Mjomba wako atakutajia jina la kijana yule. Sitaki ulisikie kule, ukiwa peke yako, kutoka kwa mtu ambaye hasira yake haijapoa. Nataka ulisikie kwangu.

Nianze na mama yako.

Wakati huo mimi nilikuwa dereva, si fundi. Nilikuwa nabeba viazi kutoka Mawengi na vijiji vya jirani kuleta Makambako. Nilijua kuendesha na kubadilisha tairi, basi. Nikifungua boneti nilikuwa naangalia mle ndani kama mtu anayeangalia maandishi ya lugha asiyoijua. Siku ya kwanza kumwona Anjela alikuwa amesimama juu ya gunia lake, anagombana na mnunuzi aliyetaka lumbesa, gunia lijazwe kupita mdomo wake. Mnunuzi anasema kila mtu anafunga hivyo. Anjela anasema, "Basi kanunue kwa huyo kila mtu." Nikacheka. Akanigeukia. "Na wewe dereva, unacheka nini? Shuka unisaidie kufunga hili gunia kabla huyu hajaliongezea kofia." Nikashuka. Nadhani moyo wangu haukupanda tena.

Tulipooana tukakaa nje kidogo ya mji wa Njombe. Mimba yako ilipokaribia siku zake alitaka kujifungulia kwa mama yake, na mimi sikumzuia, ndivyo walivyozoea kwa mtoto wa kwanza. Ulizaliwa asubuhi kwenye zahanati ya pale, salama kabisa. Nilifika ukiwa umeshafungwa kwenye khanga, umekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Mama yako alikuwa amekaa, anakunywa uji. Aliniambia, "Angalia, ana paji lako la uso, maskini."

Ilikuwa kabla ya mchana alipoanza kutoka damu. Mwanzoni muuguzi alisema ni kawaida. Baadaye akaacha kusema hivyo, akawa anabadilisha vitambaa tu. Akaniita nje akasema, "Baba, hapa sina uwezo. Apelekwe hospitali Njombe, sasa hivi."

Gari lililokuwepo kijijini lilikuwa pikapu ya mwenye duka, ya petroli, ya plagi nne. Ilikuwa imerudi wiki ile ile kutoka Makambako kufanyiwa huduma. Mwenye duka alinipa funguo bila kuuliza neno. Mama yako tulimweka mbele, ameegemea kifua cha bibi yako, na wewe bibi alikuwa amekushika kwa mkono mwingine, umefunikwa blanketi. Mjomba Alfonsi akapanda nyuma. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, barabara haikuwa kama unavyoiona leo. Nilikuwa naendesha huku nasali, nikikosea maneno narudia.

Tukiwa kwenye mlima, nimekanyaga mafuta, kitu kikapasuka chini ya boneti kwa mlio wa bunduki. Nikadhani ni tairi. Kisha injini ikaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga iliyolegea, gari linatikisika, harufu ya petroli imejaa ndani. Bibi yako akapiga ukelele. Mimi nikasimamisha gari, nikazima injini.

Nilizima mwenyewe. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Nikafungua boneti. Plagi moja ilikuwa imeruka kutoka kwenye tundu lake, inaning'inia kwenye waya wake. Kwenye meno yake kulikuwa na vipande vya alumini vimejisokota, pamoja na kitu cha kijivu kilichoganda kama ugali wa jana. Leo wewe ukiona hivyo unajua palepale: meno ya tundu la plagi kwenye hedi, kile kichwa cha injini, yamekufa, mtu ameficha kwa gundi ya chuma. Mimi sikujua. Niliona tu kitu kimetoka, nikafikiri kazi yangu ni kukirudisha.

Nikairudisha kwa vidole, ikawa inacheza. Nikachana ukingo wa khanga ya bibi yako, nikaizungushia plagi, nikaigonga kwa jiwe. Nikawasha. Gari likasogea kidogo, plagi ikaruka tena, ikapiga boneti kwa ndani. Nikazima. Nikachana khanga tena. Nikachonga kijiti. Nikaungua vidole, sikuhisi. Alfonsi alikuwa anasukuma kwa nyuma, mlimani, peke yake, anateleza kwenye matope na kuinuka. Nilirudia jambo lile lile, Faraja, mara nyingi mno, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Katikati ya hayo nikamsikia mama yako anaita jina langu dirishani. Nikaenda. Uso wangu ulikuwa umejaa masizi. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Umekuwa kama mtoto aliyeangukia jikoni." Na mimi nikakasirika. Nilikasirika kwamba anacheka. Nikarudi kwenye injini bila kumjibu. Nikiwa nimeinama pale nikamsikia anamuuliza mama yake, "Mtoto amefunikwa miguu?" Bibi akajibu, "Amefunikwa, mwanangu." Akasema, "Hebu angalia tena."

Ni maneno ya mwisho niliyoyasikia mimi kwa masikio yangu. Nimekaa nayo miaka yote hii. Unakumbuka ulipokuwa shule ya msingi nilikuwa naingia chumbani kwako alfajiri kuvuta blanketi, na wewe ukinilalamikia kwamba nakuamsha? Nilikuwa naangalia tena.

Baadaye sana likaja lori la mbao. Dereva wake alimbeba mama yako mwenyewe, akamlaza mbele pamoja na bibi na wewe. Mimi na mjomba wako tukapanda juu ya mbao. Kwa hiyo sikuwa naye. Lori liliposimama Njombe nikaruka chini, nikafungua mlango, nikakuta bibi yako amekushika wewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikwisha kumfunika binti yake uso. Dereva alikuwa amevua kofia. Ulikuwa umelala.

Tulimzika Mawengi. Wakati watu wameanza kutawanyika makaburini akaja kijana mmoja, hata ndevu zilikuwa hazijamtoka vizuri, amepanda malori kutoka Makambako peke yake. Akasimama mbele ya wazee akasema, "Shikamooni." Kisha akasema, "Plagi ile niliifunga mimi."

Hakuna aliyemwelewa. Akaendelea kusema, sauti inakatika. "Iliingia upande. Nikaona imekuwa ngumu, nikailazimisha kwa spana, ikala meno ya hedi. Nilimwogopa bosi wangu. Nikapaka gundi ya chuma, nikaifunga, nikasema moyoni itashika."

Mjomba wako alimkamata shingoni, akamwangusha. Kijana hakujikinga. Wanawake wakapiga kelele, wazee wakawaachanisha. Mimi sikumgusa. Nilimsogelea pale chini, nikamwambia, "Ungekuja na maneno haya wiki iliyopita, ningekushukuru. Sasa ondoka, na usikanyage tena mahali ninapokanyaga mimi." Akainuka, akaniangalia, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno moja zaidi. Akaufunga. Akaondoka kwa miguu, kwenye manyunyu.

Jina lake Zakaria. Ndiyo, binti yangu. Ni baba yako mdogo Zaka, huyu huyu wa gereji yetu.

Kama unataka kuiweka karatasi chini, iweke. Utaendelea ukiweza.

Baada ya msiba nilikuacha kwa bibi, nikaja Makambako. Niliwaambia watu nakuja kutafuta maisha. Ukweli nilitaka kujua kilichotokea ndani ya hedi ile. Nilitaka niwe na uwezo wa kuona, meno kwa meno, jinsi yule kijana alivyomuua mke wangu. Nikaomba kazi kwa fundi mmoja mtu mzima, Mzee Yohana, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya gesti za madereva. Alinishangaa, dereva mzima na leseni yake anaomba kufagia gereji. Akanipokea. Nikaanza na plagi, na kwa muda mrefu sikutaka kugusa kitu kingine. Nilijifunza kwamba injini ya moto haifunguliwi plagi, maana alumini ikiwa ya moto inashikana na chuma na kutoka nacho. Kwamba unapuliza vumbi kwanza kabla ya kufungua, mchanga usije ukaingia kwenye silinda. Kila nilichojifunza nilikiongeza kwenye mashtaka yangu dhidi ya Zakaria.

Na wewe nilikuacha kule. Hilo unalijua, hukuwahi kuniuliza, na kutoniuliza kwako kumeniuma kuliko swali. Sikuweza kukutazama. Nilikuwa natuma nguo kwa madereva wa viazi, na bibi yako anarudisha salamu kwamba ni ndogo. Natuma nyingine, ndogo tena. Kichwani mwangu ulibaki na ukubwa ule ule niliokuacha nao.

Halafu siku moja, mchana wa kawaida kabisa, ikaingia gereji pikapu kutoka upande wa Njombe, inapiga kelele kama mashine iliyolegea. Mwili wangu wote uliijua ile sauti kabla akili haijaijua. Dereva akashuka, akasema plagi moja imeruka njiani, akachomoa waya wake gari lisije likawaka moto, akaja hivyo hivyo. Mzee Yohana alikuwa anakula mhogo. Hata hakuinuka. Akasema, "Umefanya vizuri. Gari la plagi nne likitema moja linatembea na tatu. Gia ya kwanza, pole pole, kelele utazivumilia. Hata mlima linapanda."

Nikamuuliza, "Hata likiwa na watu?"

Akasema, "Hata likiwa na watu. Ubaya ni kuzima na kuhangaika kuirudisha. Hairudi ile."

Nilikwenda nyuma ya gereji, nikakaa kati ya matairi mabovu. Sijui nilikaa kiasi gani. Mzee Yohana alikuja, akaniona, akarudi bila kuniuliza. Nilikuwa naliona lile gari likipanda mlima. Linapiga kelele, linatikisika, bibi yako analalamika, mama yako ameegemea, na linapanda. Linapita pale nilipolisimamisha. Linafika. Nimeliona likipanda mlima ule kila siku tangu siku ile. Kama angepona, sijui. Muuguzi mmoja niliwahi kumuuliza, akasema huenda, huenda. Sikumuuliza tena mwingine.

Siku ya pili yake nikaenda kumtafuta Zakaria. Niliambiwa aliacha ufundi siku ile ile aliyorudi kutoka Mawengi, akawa mpakia mbao kwenye malori pale Makambako. Kumbe tulikuwa mji mmoja miaka yote, na yeye alikuwa akiniona kwa mbali anabadilisha njia, kwa sababu nilimwambia asikanyage ninapokanyaga. Nilimkuta chini ya lori, bega limevimba kama la ng'ombe wa jembe. Akaniona. Akaiweka mbao chini, akasimama, mikono pembeni.

"Umekuja kunipiga," akasema.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Siku ile, kama ungekuwa wewe pale mlimani, plagi imeruka, ungefanyaje?"

Akageuka kulitazama lori. Wenzake walikuwa wanamwita, lori linangoja. Akasema, "Ningezima injini, kaka. Mtu yeyote angezima."

"Ungezima?"

"Ningezima."

Hakuweza kuniangalia. Na mimi ndipo nilipoelewa neno alilolimeza makaburini. Alijua, Faraja. Alikuwa fundi, alijua tangu siku ile kwamba gari lile lingeweza kwenda. Mjomba wako alipomkamata shingo alikuwa nalo mdomoni. Nilipomfukuza alikuwa nalo. Angelisema mbele ya wale watu, lawama ingegawanyika, pengine ningeibeba mimi zaidi. Akalimeza, akaenda kubeba mbao. Na hata nilipomwendea mwenyewe na kulitaka, akanidanganya ili nisilijue.

Nilimwambia, "Zakaria, najua kwamba lilikuwa linaweza kwenda na tatu."

Akakaa chini kwenye maganda ya miti akalia, mtu mzima, wenzake wanatazama. Nikakaa karibu yake. Hatukukumbatiana wala kusemeana mengi. Nilimuuliza kama amekula.

Wiki hiyo nilipanda gari la viazi, nikaenda Mawengi kukuchukua. Ulijificha nyuma ya sketi ya bibi, ukamuuliza, "Huyu ni nani?" Bibi akasema, "Mwambie mwenyewe wewe ni nani." Nikachuchumaa mbele yako. Ulikuwa na paji langu la uso.

Mengine mengi unayajua kwa macho yako. Nilipofungua gereji yangu nilimwita Zaka, akaja kwa sharti moja, kwamba hatagusa plagi. Alikuwa anafunga breki, anabadilisha klachi, plagi ananiachia mimi. Sikumlazimisha. Kisha akaja yule mpasua mbao na msumeno ambao hedi yake tundu la plagi lilikuwa limebaki laini kama kikombe. Alikuwa na watoto wengi na msumeno ule ndio shamba lake. Mimi nikasema hedi imekufa. Zaka akaichukua mkononi, akaizungusha, akasema, "Haijafa. Nipe tapu kubwa." Akaipaka tapu, kile chuma cha kukatia meno, grisi nyingi ili chenga zishikwe zisidondokee ndani, akaikata pole pole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, jasho linamtoka kwenye baridi ya mwezi wa saba. Akaweka bushi yenye meno mapya ndani, akaipima, akaingiza plagi kwa vidole peke yake hadi ikakaa. Msumeno ulipowaka akatoka nje. Kumbe kumbe, yule aliyeacha kazi kwa sababu ya tundu moja lililoharibika ndiye leo watu wanamletea matundu yaliyoharibika kutoka hadi Ludewa.

Naye ndiye aliyekufundisha. Mimi nilikuwa sina subira, unajua, nilikuwa nanyang'anya spana. Nakumbuka plagi yako ya kwanza, umesimama juu ya kreti, ulimi umeutoa pembeni. Ilikugomea ukataka kuitia nguvu. Zaka akaweka mkono juu ya mkono wako. Akasema, "Irudishe nyuma kwanza. Izungushe nyuma mpaka uisikie inaanguka mahali pake, ndipo uende mbele. Ikikataa, itoe. Usiipiganie." Ukasema, "Baba mdogo, mbona mkono wako unatetemeka?" Akasema ni baridi. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaenda kukoroga rangi ambayo haikuwa inahitaji kukorogwa.

Hatukukuambia. Kila mwaka tulisema bado mdogo. Ulivyozidi kumpenda ndivyo tulivyozidi kuogopa. Bibi yako na mjomba hawajui kwamba fundi ninayefanya naye kazi ni yule yule, wanajua tu anaitwa Zaka. Ulipopata nafasi ya Lupingu, yeye ndiye aliyeniambia, "Kaka, mwambie kabla hajaondoka. Atapita Mawengi. Asisikie akiwa hana mtu." Nikamwambia, "Akisikia anaweza asikutazame tena." Akasema, "Ni haki yake."

Mwanangu, unakwenda kufunga plagi za injini za boti. Gari likizima mtu anashuka, anakaa kando ya barabara hata kama anakaa na kifo. Boti ikizima katikati ya Nyasa na upepo umeamka, hakuna kando. Wewe fundi mzuri kuliko mimi, sikufundishi kazi. Nakuomba hili tu: siku moja mkono wako utakosea. Utasikia meno yanavyolia, utajua, na mwenye boti atakuwa amesimama nje ana haraka, na hakuna aliyekuona. Mwite. Mwambie, "Nimeiharibu, leo huendi ziwani." Atakutukana. Pengine atakutangaza kijiji kizima kwamba mwanamke hawezi kazi hii. Acha atukane akiwa nchi kavu. Tundu linatengenezeka, unajua kulitengeneza.

Na likija lingine, kwamba mtu mwingine amekosea na akakuletea kosa lake mkononi kama Zaka alivyoniletea mimi makaburini, sijui nikuambie nini. Mimi nilimfukuza. Nikaishi miaka kama mtu mwenye haki, nikakukosa wewe ukijifunza kutembea. Sikuona hata jino lako la kwanza. Kwa ajili hiyo siwezi kukupangia cha kufanya na habari niliyokuandikia. Hasira yako igawe unavyotaka, kwake, kwangu, nusu kwa nusu. Usiponiandikia kwa muda nitajua kwa nini, na nitasubiri. Ila Mawengi, mjomba wako akianza kumtukana Zakaria, kumbuka kwamba yeye anajua nusu tu. Hiyo nusu nyingine ukiona ni vyema mwambie, ukiona si vyema nyamaza. Nimechoka kuificha, sina nguvu ya kuisema tena kwa mtu mwingine.

Zaka amesema kesho hatakuja stendi mpaka wewe umwite. Atakuwa nyumbani kwake tangu alfajiri, ameshavaa. Namba yake unayo. Sitakukumbusha asubuhi, wala shangazi yako hatalitaja, nimekwisha kumwambia.

Nasikia mnaimba kule kanisani, au labda ni watu wengine. Sauti yako huwa naichagua katikati ya zote, lakini leo upepo unaichukua. Sijui nitafanyaje na jioni za nyumba hii. Nimejaribu kuzifikiria nikaona niache.

Barua hii nitaiweka juu ya mfuko wako sasa, kabla hujarudi. Nitakuwa jikoni, namenya viazi. Soma taratibu. Ukimaliza njoo ule, hata kama hutaki kuniongelesha. Nitakupakulia, nitanyamaza, na mlango wa jikoni nitauacha wazi.

Baba yako.